Leza ya mezani kwa fundi wa nyumbani Uganda: ipi ununue, ipi uiache dukani

Boksi limeandikwa "90W" kwa tarakimu kubwa, muuzaji anaapa kwamba inakata kila kitu, na ndani mna kichwa kinachotoa wati 5.5 tu za mwanga. Ujanja huo ni mkongwe katika soko hili. Mashine ya leza ina namba mbili: umeme unaoingia na mwanga unaotoka, na inayokata plaiwudi ni hiyo ya pili. Ukiambiwa "40W", uliza papo hapo: za mwanga au za umeme? Muuzaji asiyejua jibu, mshukuru uende zako.

Tunamwandikia mtu anayetaka mashine ya kuweka nyumbani au kwenye kibanda cha uani, awe Kampala, Jinja, Mbarara au Gulu, atengeneze vibao vya majina, hereni, visanduku vya zawadi, picha juu ya mbao na mihuri. Hukumu tuitoe mapema. Wengi wenu mnatosheka na leza ya dayodi (kijipande cha elektroniki kinachotoa mwanga) ya wati 10 za mwanga, yenye swichi za kikomo, zinazoiambia mashine meza inaanzia wapi, na pampu ya hewa. Ndiyo inayovumilia umeme wetu na mbao zetu kuliko zote kwa bei yake. Mwenye sababu ya kuhangaika na leza ya gesi ni yule anayekula kwa perspeksi angavu, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo.

Sababu iko kwenye rangi ya mwanga. Dayodi hutoa mwanga wa bluu, nanomita 450 hivi, na mwanga huo hupita katika perspeksi angavu kama jua linavyopita dirishani, bila kuacha alama. Perspeksi ya bluu nayo huupitisha. Nyeusi na nyekundu hukatika vizuri. Kuna wanaopaka perspeksi angavu rangi nyeusi ili leza ishike. Hapo utapata maandishi juu ya uso, mkato hupati. Leza ya CO2, ile ya tyubu ya kioo iliyojazwa gesi, hutoa mwanga wa nanomita 10,600 usioonekana kwa macho, unaomezwa na perspeksi ya rangi yoyote, mbao, ngozi, raba na hata kioo. Chuma kitupu huurudisha. Aina ya tatu ni infraredi ya nanomita 1,064: hiyo huandika juu ya chuma, shaba na plastiki, lakini kwa kukata mbao haina kazi.

Dayodi moja hutoa wati 5 hadi 6. Kichwa cha wati 10 kina mbili zilizounganishwa mwale, cha 20 kina nne, cha 40 kina nane. Kadiri unavyorundika dayodi, nukta ya mwanga hupanuka, kwa hiyo kichwa cha wati 40 kinachokata upesi mara nyingi huchora picha yenye ncha butu kuliko cha wati 10. Anayechora nyuso za maharusi juu ya mbao hana haja ya wati 40. Anayekata visanduku vya milimita 5 na 6 kutwa nzima, achukue 20.

Sasa tuje kwenye plaiwudi, maana hapo ndipo wanunuzi wengi huvunjika moyo. Takwimu za kwenye matangazo zimepimwa kwa plaiwudi laini ya mti mwepesi, isiyo na mafundo, yenye gundi ya rangi nyeupe. Ile unayoibeba kwa boda kutoka Ndeeba aghalabu ni ya msonobari au mkaratusi, ndani ina viraka, mapengo na gundi nyeusi. Gundi nyeusi ni ile ya kustahimili maji, na kwa leza ni balaa: inageuka mkaa mgumu unaozuia mwale usishuke. Utaona mkato umepita kila mahali isipokuwa sehemu tatu au nne, na ukilazimisha kwa kisu, tabaka la chini linabanduka. Angalia ukingo wa shiti kabla ya kulipa. Ukiona mistari myeusi kati ya matabaka, hiyo waachie wajenzi. Omba ya gundi nyeupe, ya matumizi ya ndani, na uikague upande wa ukingo kama ina mapengo.

Ukubwa nao upigie hesabu. Shiti la futi 8 kwa 4 ni milimita 2440 kwa 1220. Mwambie fundi wa msumeno akukatie vipande vya milimita 400 kwa 400: utapata 18, hata ukitoa upana wa msumeno. Kwa mashine yenye meza ya 300 kwa 200 utapata 48. Vipange vimelala juu ya kitu bapa, na mzigo juu yake. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, plaiwudi hunyonya unyevu na kujikunja, na kipande kilichoinuka milimita 3 katikati kimeshatoka kwenye fokasi. Mbao yenye unyevu pia hutaka nguvu zaidi, kwa kuwa leza lazima ikaushe maji kwanza. Wengine huilaumu mashine, kumbe mbao ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta wenye unyevu.

Kwa plaiwudi ya milimita 3 yenye gundi nyeupe, pa kuanzia ni hapa: dayodi ya wati 5, nguvu asilimia 100, mwendo wa milimita 150 hadi 200 kwa dakika, mapito mawili au matatu. Ya wati 10, milimita 300 kwa dakika, pito moja au mawili. Ya wati 20, milimita 600, pito moja. Leza ya CO2 ya wati 40 hukata hiyohiyo kwa milimita 10 hadi 15 kwa sekunde, nguvu ikiwa asilimia 60 au 70. Zote ziwe na hewa inayopuliza. Kisha fanya jedwali la majaribio kwenye kipande cha shiti hilohilo: miraba midogo, mwendo ukibadilika kwenda chini na nguvu kwenda upande. Andika tarehe na jina la duka mgongoni. Shiti jipya, jedwali jipya, hata kama muuzaji ni yuleyule.

Hewa si urembo. Bila hewa, moshi hukaa kwenye njia ya mwale na kuumeza, masizi hupanda kwenye lenzi, na kingo hutoka nyeusi tii. Pampu ya lita 30 kwa dakika inatosha dayodi. Ifungue yote unapokata, ipunguze karibu na sifuri unapochora picha, kwa sababu upepo mkali husambaza moshi juu ya uso na kuacha madoa ya kahawia. Kwa kazi safi, funika uso kwa selotepu ya karatasi ya wapaka rangi, kata, kisha bandua.

Muda wa kuchora hukadiriwa vibaya mno na wanaoanza. Picha ya sentimita 10 kwa 10 kwa mistari 10 kila milimita ni mistari 1,000, kila mmoja wa milimita 100: kichwa kinasafiri milimita 100,000. Kwa mwendo wa 3,000 kwa dakika hiyo ni zaidi ya dakika 33, bila kuhesabu kugeuza pembeni. Mteja akikuagiza vibao 20 vya aina hiyo kwa kesho, mpe jibu la kweli.

Ndipo umeme unapoingia. Gridi ikikatika dakika ya 28, kazi imekufa, isipokuwa mashine inajua ilikuwa wapi. Hii ndiyo maana ya swichi za kikomo: ukiwasha, kichwa hurudi pembeni, hugusa swichi, na sifuri inakuwa palepale ilipokuwa. Kama hukusogeza kipande, unaanza tena kutoka mstari ulioishia na maungio hayaonekani. Mashine isiyo na swichi hizo hudhani sifuri ni popote kichwa kilipokuwa umeme uliporudi. Kwa mtu wa Ulaya ni jambo dogo. Hapa ni kati ya mambo ya kwanza ya kuuliza.

Dayodi ya wati 10, pampu, feni na laptopu kwa pamoja hula takriban wati 150. Betri ya volti 12 na Ah 100 ukiitumia nusu tu inakupa saa tatu na ushee kupitia inveta. Hata UPS ndogo ya kompyuta itakuvusha kwenye kukatika kwa muda mfupi. Zima pia usingizi wa laptopu: ikilala, mawasiliano ya USB yanakatika na kichwa kinasimama katikati ya kazi.

Kwenye mashine zenyewe sasa. Sculpfun S9 ndiyo ya mlango wa kuingilia: wati 5.5 za mwanga, nukta nyembamba, meza ya milimita 410 kwa 420. Inachora vizuri kuliko bei yake. Inakuja bila swichi za kikomo na bila pampu, na ukishaongeza vyote viwili umeikaribia bei ya kaka yake mkubwa. Kwa kujifunzia, sawa. Kwa biashara, hapana.

Kaka huyo ni Sculpfun S30 Pro, wati 10, swichi za kikomo zimo, pampu ya lita 30 inayojiwasha yenyewe programu inapoagiza, na kioo cha kulinda lenzi kinachobadilishwa. Hicho kioo ndicho tunachokipenda zaidi. Masizi yakikishinda, unatoa kimoja na kuweka kingine, badala ya kutupa kichwa kizima. Agiza viwili vya akiba mara moja pamoja na mashine.

xTool D1 Pro, ya wati 10 au 20, ina fremu ngumu zaidi, meza ya takriban 430 kwa 390, swichi za kikomo, kihisi cha moto na kihisi kinachoizima ikiinamishwa. Mistari yake imenyooka hata kwa kasi. Pampu ya hewa huuzwa kando, na watu husahau kuiweka kwenye hesabu. Kati yake na S30 Pro, chagua ile ambayo vipuri vyake unaweza kuvipata. Tofauti ya kazi ni ndogo kuliko tofauti ya bei.

Hizi zote huelewa amri za GRBL, programu ndogo inayokaa ndani ya mashine, kwa hiyo LaserGRBL, programu ya kompyuta ya bure na ya Windows peke yake, inaziendesha. LightBurn, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, hulipiwa, ina majaribio ya siku 30, na inastahili pesa yake kwa yeyote atakayefanya kazi kila wiki. Michoro tengeneza kwenye Inkscape, bure.

K40 ni jina la ukoo mzima wa mashine za Kichina za CO2, sanduku la bluu au jeupe, meza ya takriban 300 kwa 200. Ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kukata perspeksi angavu, na ndiyo yenye kazi nyingi. Ikifika, kagua tyubu kwanza, maana ni kioo na imesafiri mbali. Kisha vioo vitatu vinavyoelekeza mwale: bandika selotepu ya karatasi mbele ya kioo cha pili, piga mpigo mfupi kichwa kikiwa karibu, piga tena kikiwa mbali. Alama zisipoangukia mahali pamoja, geuza skrubu za kioo cha kwanza, si cha pili. Rudia kwa kioo cha tatu. Lenzi iwekwe upande uliobinuka ukitazama juu; ikipinduliwa, mashine inakata kwa shida na hutajua kwa nini. Lenzi hiyo imetengenezwa kwa zinki selenidi, sumu, hivyo ikivunjika usiishike kwa mikono mitupu.

Maji ya kupoza yawe yaliyotoneshwa. Yakae kati ya nyuzi 15 na 22, na zikifika 25 simama. Mchana wa Kampala ndoo ya lita 20 hufika huko upesi, na Gulu upesi zaidi, kwa hiyo gandisha chupa za maji zilizofungwa na uzitumbukize kwa zamu. Usizidishe mkondo wa tyubu zaidi ya miliampea 15 hata kama kitufe kinaruhusu: tyubu hiyo ina maisha ya saa elfu moja na kidogo, na ukiisukuma utazipunguza. Pampu ya maji ikizimika peke yake huku tyubu inawaka, kioo hupasuka mara moja, kwa hiyo ongeza swichi ya mtiririko inayokata leza maji yakisimama.

Na ardhi. Ndani ya K40 mna volti zaidi ya 15,000. Soketi za nyumba nyingi za kupanga zina tundu la tatu lisilounganishwa na kitu. Fundi umeme aipime ardhi kabla hujachomeka, na mfuniko ukiwa wazi usiguse upande wa tyubu hata baada ya kuzima, hadi chaji iishe. Asiyetaka usumbufu huu na mwenye pesa achukue xTool P2, CO2 ya wati 55 ndani ya sanduku kamili, meza ya 600 kwa 308. Ni mashine nzuri sana, na bei yake ni ya karakana, si ya nyumba.

Glowforge, chapa nyingine ya leza, tunaiweka kando kwa sababu moja: kazi hupitia seva za kampuni, kwa hiyo bila intaneti haichori hata mstari. Bando likiisha, umefunga duka. xTool F1 ni mnyama mwingine kabisa: kisanduku cha kubeba mkononi chenye mwale wa bluu wa wati 10 na infraredi ya wati 2, uwanja wa milimita 115 tu, lakini kasi yake inashangaza kwa sababu kinachosogea ni vioo vidogo, kichwa kimetulia. Kwa anayeandika majina kwenye kalamu, vishikio vya funguo na vikuku mbele ya mteja, hakuna kinachoikaribia.

Malighafi ya hapa ina mshangao mzuri. Musizi ni laini na huchorwa kwa kahawia iliyokolea. Mvule ni wa kahawia iliyokolea kwa asili, kwa hiyo picha hupotea. Chora maandishi manene. Lubugo, gome la mutuba, inakatika kwa nguvu ndogo na mwendo wa kasi, ila nyuzi zake zilizosimama hudaka cheche: pigia hewa, kaa karibu. Pembe za ng'ombe wa Ankole zinachorwa, lakini harufu yake ni ya nywele zinazoungua, na itakaa kwenye mapazia kwa siku kadhaa. Kigae cheupe cha ukutani kipake rangi nyeupe yenye titani dioksidi, acha ikauke kabisa, chora, kisha osha rangi: inabaki picha nyeusi isiyofutika kwa kucha. Hiyo ndiyo bidhaa yenye faida nzuri kwa dayodi ndogo.

Cha kukataa ni PVC, na reksini nyingi ni PVC. Ikichomwa hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, ambayo ni sumu kwa mapafu na huozesha reli na vioo vya mashine. Muuzaji akisema "ni perspeksi tu" na huna hakika, nje ya nyumba pasha moto waya wa shaba, ugusishe kwenye kipande, urudishe kwenye mwali. Mwali ukigeuka kijani, kuna klorini, rudisha mzigo. Ngozi halisi inafaa, bora iliyolainishwa kwa magome ya miti. Ile ya kromi, ambayo ndani yake ina rangi ya kijivu-bluu, iepuke.

Mashine za fremu ya wazi, zisizo na mfuniko, ni hatari kwa macho ya kila aliyemo chumbani, watoto na paka pia. Miwani ya kijani inayokuja ndani ya boksi usiiamini. Nunua yenye maandishi ya 450 nm na OD (kipimo cha kuzuia mwanga) 4 au zaidi. Miwani ya dayodi haitoshi kwa CO2, wala ya CO2 kwa dayodi. Kwenye muzigo wa chumba kimoja usiwashe kabisa bila sanduku na bomba: sanduku la plaiwudi lenye tundu la hewa chini, feni na bomba la inchi 4 juu, likitoka nje kwa njia fupi iliyonyooka, mbali na dirisha la jirani. Chini ya meza ya matundu, ile iliyo kama sega la asali, weka bati. Kaa karibu muda wote na chupa ya maji ya kupulizia. Moto mdogo wa mbao huzimika nayo, wa ndani ya K40 hutaka kizimamoto cha gesi.

Kasoro mbili huja kila mara. Mduara ukitoka kama yai au ncha zake zisikutane, mkanda umelegea au skrubu ndogo ya puli imeachia mhimili wa mota. Mraba ukitoka mshazari, fremu haikufungwa sawa: pima pembe hadi pembe, vipimo viwili vilingane, ndipo ukaze. Na visanduku vinavyounganishwa kwa meno ya pembeni visiposhikana, si kosa la leza. Plaiwudi inayouzwa kama milimita 3 inaweza kuwa 2.7 au 3.3. Ipime kwa vernia, na mkato wenyewe hula milimita 0.1 hadi 0.2.

Ukiagiza nje, VAT ni asilimia 18, na kuna kodi ya zuio ya asilimia 6 na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5. Ushuru wa forodha hutegemea mashine imeainishwa vipi kwenye jedwali la Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo mwambie wakala akuandikie namba ya ainisho na jumla yote kabla mzigo haujapanda ndege. Ukinunua dukani Kampala, taka iwashwe mbele yako na ikate plaiwudi uliyoibeba mwenyewe, ile ya gundi nyeupe ya milimita 3. Kipande kikianguka chenyewe ukikiinua, lipa.